Haraka haimo kwenye kube

Kuna kauli ambayo mtu akikaa Baraka, mji wa Kongo ulio kando ya Ziwa Tanganyika, hata wiki moja lazima aisikie, sokoni, uani, na kutoka kwa watu waliosoma vilevile: mama asiye na nafasi atie kube, kile kidonge cha kiungo cha dukani cha kutia kwenye mchuzi. Wanaosema hivyo wanaamini kwamba mboga ya haraka ni kube, nyanya ya kopo na mafuta mengi, na kwamba mboga ya afya ni ya mtu mwenye siku nzima ya kukaa jikoni. Majani mabichi yenye harufu, yaani seleri, puaro, mrehani, majani ya kitunguu, wanayahesabu kuwa ni mambo ya hoteli na ya wageni wa mashirika. Wengi wanaosema hivyo wanasema kwa huruma, kwa sababu wanawaona mama zao na wake zao wakichoka. Huruma hiyo naiheshimu. Kauli yenyewe naikataa, kwa sababu si ya kweli na kwa sababu inatudhuru. Kuanzia Mboko hadi Kazimia, na kupanda milimani mpaka Fizi mjini, jani bichi ndilo linaloiva upesi kuliko chochote tunachokipika, na ndilo linalotuwezesha kupunguza chumvi bila kula chakula kisicho na ladha.

Kauli hii haikuzuka hivihivi. Vita vya 1996 na vya 1998 viliwavusha ziwa maelfu ya watu wa Fizi kuelekea Kigoma. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996, watoto walizaliwa, wakakua, wakaoa na kuolewa wakila mgao: unga wa mahindi, mbaazi kavu, mafuta, chumvi. Mgao hauna jani. Waliopata kipande cha ardhi nyuma ya nyumba walipanda mchicha na kitunguu, wengine walipika walichopewa, na ladha waliyoizoea ikawa ya chumvi na mafuta. Mwaka 2005 UNHCR ilipoanza kuwarudisha watu kwa meli kutoka Kigoma hadi Baraka, wengi walikuta mashamba ya wazazi yamerudi kuwa pori. Dukani kulikuwa na kube. Haiozi, haihitaji maji, inauzwa moja moja hata kwa mwenye faranga chache mkononi. Aliyeinunua alikuwa anatafuta ladha kwa njia iliyokuwa mbele yake, wala sina neno naye. Neno langu ni kwa wale waliogeuza njia ya dharura kuwa kanuni, wakaifundisha kwa mabinti zao kama ndiyo werevu wa jikoni.

Hoja ya kwamba mwanamke hana muda, basi apewe ladha ya kiwandani, ni ya zamani na imetoka mbali. Huko Uswisi, miaka ya 1880, Julius Maggi, mwenye vinu vya kusaga nafaka, alitafuta chakula cha bei nafuu na chepesi kupika kwa ajili ya wanawake wa viwandani waliorudi nyumbani jioni wakiwa hawana saa ya kukaa jikoni. Alianza na unga wa kunde wa kupikia supu. Kube ikafuata mwaka 1908. Lilikuwa jibu la maana kwa taabu ya kweli. Lakini mwanamke yule alifungiwa kiwandani kutwa, hana bustani, na soko limeshafungwa anapotoka kazini. Mama wa Swima anaamkia ziwani. Ndagala wanaanikwa mbele ya macho yake, lengalenga inaota karibu na kisima, na mchikichi uko nyuma ya nyumba. Kumpa jibu lililotafutiwa mwingine ni kutomtazama.

Na tukimtazama, tutaona muda wake unakwenda wapi. Unakwenda kwenye maji, kuyafuata na kuyabeba. Unakwenda kwenye kuni, na katika Fizi sote tunajua kwamba safari ya kuni si ya kuchosha mgongo peke yake. Wanawake wamevamiwa porini kwa miaka yote ya bunduki, na kila saa ya moto jikoni ni kuni ambazo mtu amezifuata huko. Unakwenda kwenye muhogo, kuuloweka, kuuanika, kuutwanga. Kube haimchotei maji wala haimtwangii. Inachomwokolea ni ile kazi ndogo ya kukata kitunguu na majani. Anayetaka kumwokolea mama muda kwa kweli atazame kile kinachokaa motoni, kwa sababu hapo ndipo makaa yanapoisha, na mboga ya majani haikai motoni.

Nieleze sufuria moja, ili tusibishane hewani. Ndagala wakavu, bakuli moja. Wengi wanakaushwa mchangani, kwa hiyo kazi ya kwanza ni mchanga. Watie kwenye maji ya uvuguvugu, wakoroge kwa mkono, kisha wainue juu na kuwaweka kwenye chombo kingine. Usiwamwage pamoja na maji, maana mchanga umeshuka chini na utarudi nao. Rudia mpaka kidole kikipita chini ya beseni kisiguse kitu. Sufuria kavu juu ya mbabula, wageuze humo mpaka wakauke na harufu ya ziwa igeuke kuwa harufu ya kukaanga. Kijiko cha mawese, kitunguu, halafu nyanya zilizoiva hasa, zikatwe ndogondogo, zifunikwe mpaka zivunjike na mafuta mekundu yajitenge pembeni. Maji nusu kikombe. Mashina ya seleri yaliyokatwa vipande vyembamba yanaingia hapa, kwa kuwa ni magumu. Lengalenga juu yake. Rundo lililojaa sufuria linanywea na kuwa robo ukiwa bado umeshika mwiko. Sufuria ikiwa inachemka bado, tia majani ya seleri na ya kitunguu, pilipili nzima isiyopasuka, chumvi ya vidole viwili. Funika dakika moja au mbili, ipua, kamulia ndimu. Yote haya ni kama dakika 20, na sehemu kubwa ya hizo ni ya kuosha mchanga.

Jani linaingia mwisho kwa sababu harufu yake ni mafuta mepesi yanayopaa pamoja na mvuke. Likipikwa nusu saa, jirani ndiye atakayeifaidi. Vitamini C nayo huharibika kwa moto mrefu na kuyeyukia majini. Wale wanaochemsha lengalenga tangu mwanzo, wakamwaga maji yake, kisha wakalalamika kwamba majani hayana ladha, wamemwaga ladha wenyewe, wakaenda dukani kuinunua tena.

Sasa kube. Sisemi ni sumu. Wapo wanaotisha watu kwamba glutamati iliyomo inaleta kila ugonjwa. Sifuati maneno hayo, na nadhani yanadhoofisha hoja iliyo nzuri. Tatizo la kube ni chumvi. Kwa kawaida karibu nusu ya uzito wake ni chumvi, na nyingine zinazidi hapo. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai. Kube moja ya gramu 10 inaukaribia mpaka huo peke yake, na katika nyumba zetu chumvi ya kawaida inatiwa vilevile, kwa mazoea, kabla hata ya kuonja. Mchuzi huohuo anapewa mtoto wa miaka miwili, naye anajifunza kwamba chakula ni kitu kikali cha chumvi. Shinikizo la damu haliumi. Linamkuta mtu akiwa shambani au ndani ya mtumbwi, na kiharusi kikishamwangusha hakuna mtu anayerudi nyuma kuhesabu sufuria.

Na ile ladha nzito inayokaa kinywani, ambayo watu wanasema haipatikani bila kube? Mkemia Mjapani, Kikunae Ikeda, aliitambua mwaka 1908 katika mchuzi wa mwani wa baharini, akaonyesha kwamba inatokana na glutamati. Iko kwenye nyanya iliyoiva, na samaki waliokaushwa wana ladha ya ukoo huohuo. Kwa maneno mengine, mtu wa Baraka anayetia kube ndani ya mchuzi wa ndagala na nyanya anaongeza kitu ambacho sufuria ilikuwa nacho tayari, na pamoja nacho anaongeza chumvi ambayo hakuihitaji. Chumvi kidogo yenye iodini ni lazima, hasa kwetu tunaokula muhogo kila siku. Kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, wataalamu walikichunguza tangu miaka ya 1960 kwa sababu ya goita, na muhogo ulikutwa ukiizidisha pale ambapo iodini imepungua. Kwa hiyo chumvi hatuiachi, tunaitia kwa kipimo, na kazi ya kukipa chakula uhai tunaziachia seleri, ndimu, tangawizi na pilipili.

Hapo ndipo ninapoambiwa kwamba seleri na puaro ni vya wazungu. Ni kweli, majina hayo tuliyachukua kwa Wabelgiji. Lakini muhogo wenyewe ulitoka Brazili kwa meli za Wareno. Nyanya, pilipili na mahindi ni vya Amerika. Mpunga na ndimu vilisambaa bara pamoja na misafara ya watu wa pwani, ile ile iliyovuka kutoka Ujiji na kufanya kituo Baraka na Ubwari katika karne ya 19. Babu zetu hawakuuliza pasipoti ya mmea. Waliuonja, wakaupanda, wakaona unafaa, na leo tunauita chakula cha wazee. Mtu anayekubali ugali wa muhogo kuwa wetu na kulikataa jani la seleri kuwa la wageni hana kipimo anachoweza kukieleza.

Pingamizi la pili halisemwi waziwazi, ila linaonekana mgeni akija: mboga za majani zinaondolewa mezani, spageti inaletwa. Majani ni ya maskini. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote. Uchunguzi wa kitaifa wa 2013 na 2014 uliwakuta asilimia 43 ya watoto wa Kongo walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ndagala analiwa mzima, na kichwa na mifupa yake, na mifupa ile ni kalisi. Majani ya kijani yana chuma, na chuma hicho mwili unakipokea vizuri zaidi kikifuatana na ndimu au nyanya. Mawese, yakiwa bado mekundu, yana vitamini A kwa wingi, na mafuta yanasaidia ile ya kwenye majani kuingia mwilini. Kijiko kinatosha, kuyachemsha mpaka yawe meupe ni kuyaua. Sahani hiyo ndiyo tunayoifichia wageni. Sidai kwamba viganja viwili vya seleri vinatibu utapiamlo, kiasi chake ni kidogo mno. Kazi ya jani la harufu ni kumfanya mtoto anyooshe mkono tena kwenye bakuli la lengalenga. Ladha ni njia ya chakula kuingia mwilini, na mtoto asiyependa mboga halishwi kwa hotuba.

Kuna hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito. Sisi tunaishi kwenye mwambao wa kipindupindu. Uvira, Baraka, vijiji vyote vya kando ya ziwa vinajua kituo cha wagonjwa kinavyofunguliwa, kitanda chenye tundu, ndoo chini yake. Madaktari Wasio na Mipaka (MSF), waliofika Baraka mwaka 2003, waliutibu ugonjwa huo katika miaka waliyokuwa hapa. Mtu akiniambia kwamba jani lililooshwa kwa maji ya ziwa na kuliwa bichi linaweza kuua, nasema ndiyo, linaweza. Kachumbari iliyokatwa sokoni na kukaa juani siipendekezi kwa mtu yeyote. Lakini tazama mpango wa sufuria niliyoieleza: jani linaingia mchuzi ukichemka, linafunikwa, na kimelea cha kipindupindu hakistahimili maji yanayochemka. Dakika hiyo moja au mbili inatosha kwa usalama na haitoshi kuimaliza harufu. Ubao na kisu vioshwe kwa maji yenye klorini, mikono kwa sabuni, na mboga iliwe ikiwa moto. Ndimu nayo ina kazi zaidi ya utamu. Huko Guinea-Bissau, wakati wa mlipuko wa miaka ya 1990, watafiti waliona kwamba waliotia ndimu kwenye mchuzi wao waliugua kipindupindu kwa uchache kuliko wasiotia. Ndimu haichukui nafasi ya klorini. Inaongeza ulinzi kwenye chakula kilichopikwa vizuri, na tunayo.

Kwa hiyo hofu ya kipindupindu ni sababu ya kupika jani vizuri. Haiwezi kuwa sababu ya kuliacha, maana kube nayo inayeyushwa kwenye maji yaleyale.

Na kuna chakula ambacho nakataa kabisa kiharakishwe, ili nisieleweke vibaya. Sombe haina njia ya mkato. Majani ya muhogo yana sianidi. Kuyatwanga kunaifungua, na kuyachemsha muda mrefu, chungu kikiwa wazi mwanzoni, kunaipeperusha. Muhogo mchungu nao unataka siku zake za kulowekwa. Konzo, ugonjwa unaopooza miguu ghafla, ulielezwa na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938 kutoka Kwango, na chanzo chake ni muhogo mchungu ambao haukuandaliwa sawasawa, hasa wakati wa njaa na wa vita watu wanapokuwa na pupa ya kula. Sombe ibaki ya siku ya utulivu, mawese yake, ndagala wake, puaro mwishoni. Maharagi yalowekwe usiku. Siku nyingine za juma ni za lengalenga, matembele, ndagala, mikeke wa kuchoma kwa ndimu na pilipili. Anayesema chakula chetu kinachukua kutwa anaifikiria sombe peke yake, kisha analaumu jiko zima.

Linabaki suala la kuoza. Kweli, fungu la seleri la asubuhi Baraka limelala kufikia saa nane, kwa joto letu. Seleri inapenda baridi; inastawi vizuri zaidi juu kwenye tambarare za milimani, na barabara za huko zikifungwa kwa mapigano haishuki. Mwenye gunia la udongo uani haathiriki sana. Gunia linajazwa udongo na samadi, katikati panaachwa nguzo ya mawe ya kupitishia maji, ubavuni yanatobolewa matundu ya miche. Ni kazi inayojulikana vizuri katika makambi ya eneo hili, na katika kambi ya Lusenda, inayowahifadhi wakimbizi wa Burundi tangu 2015, ambako ardhi ni finyu, gunia ndilo shamba linaloingia uani. Seleri iwekwe kivulini mwa mgomba, ikatwe majani ya nje tu, ya ndani yataendelea kutoka. Kitako cha kitunguu chenye mizizi kinarudishwa udongoni. Mrehani unapenda jua letu, na tawi lake likikaa kwenye maji siku chache linatoa mizizi. Kiangazi, Juni hadi Septemba, maji ya kusuuzia mboga na mchele yanatosha kunywesha gunia moja, bila mtu kurudi ziwani.

Nani atalijaza gunia hilo? Nikisema mama, nitakuwa nimemwongezea mzigo niliosema anao tayari, na wapinzani wangu watakuwa na haki ya kunicheka. Gunia ni kazi ya baba na vijana. Udongo, samadi na mawe havihitaji mtu anayejua kupika, na mwanamume anayelalamikia mboga isiyo na ladha aanzie hapo. Nawaomba pia wanaoendesha mafunzo ya lishe vituoni waache picha za ukutani za matofaa na maziwa ya boksi. Waje na mbabula, ndagala wa hapa, lengalenga ya hapa, ndoo ya klorini na saa, wapike sufuria mbili mbele ya watu, moja ya kube na moja ya seleri na ndimu, waeleze kila moja imetiwa chumvi kiasi gani, kisha wagawe vijiko kwa kina mama, kina baba na watoto, waonje wote.